Nyumba ya nyanya iliyo chini ya mawe

SWALI: Ndugu mhariri, nilizaliwa Goma baada ya volkano ya mwaka 2002. Nyumba ya nyanya yangu, karibu na katikati ya mji, ilifunikwa yote, na hakuna picha hata moja iliyookolewa. Kila nikimuuliza, ananijibu, "Iliungua," kisha ananyamaza. Nifanyeje nijue maisha yao ya zamani pasipo kumtonesha kidonda?

JIBU: Mwanangu, naona unamuuliza nyanya habari za moto, na moto una jibu moja tu. Alhamisi ile ya tarehe 17 Januari 2002, mlima wa volkano Nyiragongo ulipasuka ubavuni upande wa kusini. Mkondo mmoja wa lava ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji ukiteketeza na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, hadi ukaingia Ziwa Kivu. Wengi walikimbilia Gisenyi, mji wa Rwanda ng'ambo ya mpaka, na baada ya siku chache walianza kurudi, wakikanyaga mawe yaliyokuwa bado na joto. Hayo yameandikwa, unaweza kuyasoma mwenyewe.

Ambayo hayakuandikwa ni ya siku za kawaida, na hayo ndiyo ninayokusihi uyatafute angali hai. Muulize makala, yaani makaa ya kupikia, alinunua kwa nani, na nani aliyeyaleta kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilifika mtaani saa ngapi. Nani alikaa nyuma ya ua wake, na walikopeshana nini chumvi ilipokwisha. Muulize akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mikono ikiwa kazini, wala usimkalishe kama shahidi mahakamani. Mtu aliyepoteza nyumba hupoteza pia ukuta, mti wa avoka na njia ya mkato vilivyomwonyesha alipo. Katika majengo ya ghorofa yaliyosalia, iko milango ya barabarani leo ambayo zamani ilikuwa ghorofani, kwa kuwa lava iliinua ardhi. Ndiyo maana mzee anaweza kusimama juu ya kiwanja chake asikitambue.

Akikubali kutoka, anzeni na visivyohama, yaani ziwa na barabara kuu, kisha mwache yeye atangulie na kuhesabu nyumba kwa majina ya wenyewe, hata kama wewe unaona maduka mapya tu.

Nenda pia katika parokia yake ya wakati ule, uulize kama daftari za ubatizo zilisalimika, maana humo huandikwa wazazi pamoja na wasimamizi, na mara nyingi msimamizi alikuwa jirani. Ila jihadhari na jambo moja: kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, na jina hilo halimo daftarini. Kwa kila jirani atakayekutajia, hasa wale ambao hawakurudi tena mtaani, andika majina yote mawili, na majina ya watoto wao, kabla hujaenda kuuliza popote.