Wasomaji Wauliza: Je, Kila Kinachomsumbua Mzee ni Uzee?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Ngamiani, jijini Tanga. Kwa muda mrefu elimu niliyotoa ilihusu chanjo, uzazi na lishe ya watoto. Sasa nimetakiwa kuwaandaa wenzangu watakaowatembelea wazee majumbani, na kila ninapowauliza wazee wenyewe hali zao hunijibu, "Ni uzee tu, mwanangu." Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye jibu hilo hilo la wazee, kwa kuwa nyuma yake yamejificha mengi yanayotibika. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, lakini hicho ni kipimo cha kupangia huduma, na hakikuambii lolote kuhusu nguvu za mtu. Aliyekata mkonge tangu ujana wake na aliyekuwa karani bandarini wanaweza kuwa wamezaliwa mwaka mmoja, na bado mmoja akaendesha baiskeli hadi sokoni ilhali mwenzake hainuki kitandani bila kushikwa mkono. Mafunzo yanayomchora mzee wa aina moja tu, awe dhaifu wa kuhurumiwa au mwenye busara wa kusifiwa, yatawapotosha wenzako kabla hawajapiga hodi.

Kisha wafundishe kutenganisha mabadiliko ya kawaida na maradhi. Ni kawaida macho kushindwa kusoma maandishi ya karibu, jambo ambalo huanza mnamo miaka 40. Ni kawaida pia usingizi kuwa mwepesi, misuli kupungua, kiu kutosikika upesi kama zamani, na jina la mtu kuchelewa kuja ulimini. Lakini kuvuja mkojo, kuanguka mara kwa mara na kukosa hamu ya kula kwa majuma kadhaa ni mambo ya kuchunguzwa, hata kwa mwenye miaka 85. Vivyo hivyo ukungu wa macho unaozidi siku hadi siku, ambao mara nyingi ni mtoto wa jicho na huondolewa kwa upasuaji usiochukua muda mrefu. Kuanguka nako kuna sababu zake: dawa ya presha inayoleta kizunguzungu mzee anapoinuka, kandambili zilizolika, choo cha uani kisicho na taa. Kwa hiyo mhudumu aombe kwanza kuonyeshwa dawa zote anazotumia mzee, zikiwemo za mitishamba, aitazame na njia ya kuelekea chooni, ndipo atoe nasaha.

Jambo la mazoezi lisiwatishe. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wazee wakiwemo, wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku 3 kwa wiki. Mzee anayekwenda msikitini kwa miguu, akarukuu na kusujudu, tayari yumo ndani ya hesabu hiyo, na aliyeanza kuswali akiwa ameketi kitini anastahili kuulizwa kwa upole ni lini alianza na kwa nini.

Imani ya mzee kuhusu uzee wake nayo ina uzito. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Becca Levy na wenzake waliwafuatilia wakazi wa mji mmoja mdogo wa Ohio, Marekani, waliokuwa na miaka 50 na zaidi, wakaona kwamba waliouchukulia vyema uzee wao waliishi takribani miaka 7.5 zaidi ya waliouchukulia vibaya. Sishauri takwimu hiyo igeuzwe kuwa hotuba ya kuwakemea waliokata tamaa, kwani haithibitishi kwamba fikra peke yake hurefusha umri. Hata hivyo, anayeamini kwamba maumivu ni haki ya uzee hatakwenda zahanati, na hilo halihitaji utafiti.

SWALI: Bibi mmoja mtaani kwetu Chumbageni alikuwa na akili zake timamu, lakini tangu juzi anazungumza yasiyoeleweka na usiku halali. Wapo wanaosema ni uzee, na wapo wanaosema ni mashetani. Tufanyeje?

JIBU: Apelekwe hospitali leo. Kupotewa na kumbukumbu kwa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa kawaida kuna chanzo cha mwilini, kama vile malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari kushuka, kiharusi au dawa mpya aliyoanza. Wanaotaka kumsomea dua wamsomee njiani.

SWALI: Mzee ninayemtembelea alifiwa na mkewe mwaka jana, na sasa haendi tena barazani. Binti yake anataka tumshinikize achangamane na watu. Je, ni sawa?

JIBU: Msimshinikize kabla ya kujua anachokikimbia. Mtaalamu wa saikolojia Laura Carstensen wa Marekani ameonyesha kwamba watu wanapohisi muda uliobaki ni mfupi, hupunguza marafiki kwa hiari yao na kubaki na walio karibu na moyo. Ikiwa mzee huyo bado anacheka na wajukuu na kumpokea rafiki yake mmoja wa siku zote, huenda hajapungukiwa na kitu. Ikiwa amepoteza ladha ya kila kitu, haogi, na anasema heri angemfuata mkewe, hiyo yaweza kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa wenye tiba, naye aonwe na daktari bila kungoja.

Ipo sababu ya tatu, ambayo wengi hawaifikirii: masikio. Barazani watu husema kwa pamoja, na masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, hivyo mtu huyasikia mazungumzo asiyaelewe, akaona aibu kuuliza kila mara. Kumpigia kelele hakusaidii. Msalimieni shikamoo mkiwa mbele yake, mahali penye mwanga ili auone mdomo wenu, mseme taratibu kwa sauti nzito kidogo, na mmwombe mganga wa zahanati amwangalie kama masikio yamezibwa na nta.