Kabla hujanunua efekti ya uchawi, nisikilize

Juzi kijana mmoja wa Mbagala ameniandikia. Kapata mshahara wake wa kwanza, anataka kununua efekti, yaani mwonekano mpya wa uchawi, kwenye gemu la kompyuta la Path of Exile, ananiuliza ipi ni kali. Ujumbe wake nimeusoma mara tatu ndani ya daladala ya Mwenge, maana umenigusa kwenye kidonda.

Nilikuwa mtu wa uchawi wa Arc, ile radi inayoruka kutoka adui mmoja hadi mwingine. Siku moja nikamwona mchezaji ambaye radi yake haikuwa ya bluu kama yangu. Usingizi ukanipaa. Kwenye duka la gemu dola 1 ni pointi 10 za kununulia, nikabana pesa ya bando miezi miwili, nikanunua. Nilijua haiongezi dameji, nguvu ya kumuumiza adui, hata kidogo. Gemu ni la bure, na urembo huo ndio unaowalisha waliolitengeneza kule New Zealand. Nilitaka tu nionekane.

Usiku ule, chumbani kwangu Sinza, tuliingia sita kupambana na bosi, adui mkubwa. Laptop yangu haina kadi ya grafiki. Nilipoachia radi, skrini ikaganda, na wenzangu wakalalamika kwamba mwanga wangu unawaficha wasione mapigo ya bosi yanatua wapi. Tukafa. Kiongozi akaniandikia, "Kaka, mataa yako hayo baki nayo," akanitoa kwenye kundi. Watu niliocheza nao tangu mwanzo, wa hapa hapa Dar! Mpaka leo sijarudi kwao, na sidhani kama nitarudi.

Ligi mpya, yaani msimu mpya wa gemu, ilipofika nikahamia Frostbolt, uchawi wa kurusha barafu. Efekti ya Arc haikubali kuvishwa uchawi mwingine, huwezi kuiuza, huwezi kumgawia rafiki. Ipo tu kwenye akaunti.

Mwaka 2013 gemu lingine, World of Warcraft, liliwawezesha wachezaji wa Warlock, aina ya mchawi, kugeuza moto wao kuwa wa kijani, ila ilibidi kwanza umpige bosi aitwaye Kanrethad peke yako. Pesa haikukupigania. Aliyekuwa na moto ule, ulijua alivyoupata. Heshima ya namna hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka, na dukani haipo.

Kwa hiyo wadogo zangu, usinunue kwa sababu umeona kwa mwenzio. Kaa na uchawi wako kwanza. Ligi moja haitoshi, kaa nao ligi mbili. Na usinunue kwa sababu ya mwenzio, narudia, hata kama kuna punguzo. Mimi nimekaa na Frostbolt ligi tatu, mwezi uliopita ndipo nikainunulia efekti yake, nyepesi, laptop inaibeba, na kila nikiirusha najisikia mwenyewe.

Kijana wa Mbagala, hujaniambia unatumia uchawi gani, wala umeanza nao lini. Nijibu hilo kwanza.