Ndiyo, nimeokoka, na usiku mwingine silali

Ndugu zangu, kwenye kundi la familia mmoja wenu kaniuliza: "Wewe si umeokoka, na kazi huko unayo? Wasiwasi wa nini tena?" Acheni nijibu kwa kirefu kidogo.

Mchana huku ughaibuni hakuna nafasi ya kuwaza, kazi inakumaliza. Usiku ndipo yanapokuja yote: kibali cha kukaa kinakaribia kuisha, zamu zimepunguzwa, ada ya wadogo zetu bado. Simu ikilia saa nane za usiku, moyo unaruka kabla sijaona ni nani. Kumbe mtu anataka kunisalimu tu, kasahau kwamba saa zetu hazilingani.

Huwa mnanitumia Yeremia 29:11, ule wa Mungu kutuwazia mawazo ya amani, na ninaupenda mstari huo. Lakini someni barua nzima. Iliandikwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watakaa huko miaka 70. Katika sura ya 28 nabii Hanania alitabiri kwamba wangerudishwa ndani ya miaka 2 tu, na bila shaka watu walimpenda zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa mwongo. Yeremia aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji walikopelekwa. Mimi nafuu niliipata hapo, kuliko kwenye ahadi kwamba mwaka huu mambo yatafunguka. Wengi wetu huku tunaishi kama abiria aliyekalia mzigo wake, maisha yanasubiri makaratasi yatoke. Siku hizi nawaombea majirani, namwombea bosi, hata watu wa uhamiaji (hao kwa kujilazimisha).

Na hilo la kwamba mwenye imani hana wasiwasi silikubali. Paulo aliwaandikia Wafilipi wasijisumbue kwa neno lolote, naye yuko kifungoni. Paulo huyohuyo, katika 2 Wakorintho 11:28, anasema mzigo wa makanisa yote unamlemea kila siku. Anachofundisha ni kupeleka haja kwa Mungu, pamoja na shukrani. Kwa hiyo siombi tena "Bwana, niondolee hofu" nikaishia hapo. Nataja kibali, nataja tarehe, nataja kiasi kinachokosekana kwenye kodi ya nyumba. Halafu nashukuru kwa kilichopatikana wiki hiyo. Kuna usiku nalala baada ya hapo, na kuna usiku narudia tena saa kumi.

Nabii Elia naye alichoka hadi akaomba afe. Malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, akalala tena. Usingizi uliponikataa wiki baada ya wiki, nilikwenda kwa daktari, na kuomba sikuacha.

Mkitaka kunisaidia, shida ya pesa niambieni mapema, kwa ujumbe, si usiku wa manane. Na nikisema mwezi huu sina, jueni sina kweli.