Barua kwa mwanangu: Nani alimchagua gavana?

Mwanangu,

Waniuliza: ikiwa rais na wabunge tumewachagua sisi, mbona hakuna hata mmoja anayeweza kumwamuru gavana wa Benki Kuu ya Kenya ashushe riba? Mkopo wako wa friza za samaki unakukaba, na hao wanaoukaza hukuwapigia kura. Una haki ya kuuliza, na wataalamu wengi hulijibu swali hilo kwa dharau. Mimi nitakujibu kwa daftari la madeni.

Ulikuwa hujazaliwa. Disemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa, vyama vingi vikarudi, na KANU, chama tawala, ikatambua kuwa yaweza kushindwa. Uchaguzi wa Disemba 1992 ukaja na pesa. Vijana wa YK'92, kundi la kuipigia KANU kampeni, walizimwaga hadi noti ya 500 ikaitwa jirongo, kwa jina la mwenyekiti wao Cyrus Jirongo. Benki zenye jamaa wakubwa zilikuwa zikichota Benki Kuu pesa zisizokuwa na akiba nyuma yake. Hapo hapo pana Goldenberg, kampuni iliyolipwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi iliyodai kuuza nje. Gavana wakati huo aliteuliwa na rais, bila Bunge kumhoji kwanza. Nani angekataa?

Sisemi yote yalitokana na kura. Kulikuwa na ukame, na wafadhili walikuwa wamezuia misaada tangu Novemba 1991. Lakini mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46, na dukani kwetu niliuona kwenye daftari. Mteja amechukua sukari kwa deni mwanzoni mwa mwezi, akalipa mwisho wa mwezi, mtu mwaminifu, senti haikupungua. Nikienda kwa muuzaji wa jumla na pesa zile, sipati mfuko kama ule. Nilikuwa nauza na kupungukiwa. Ikabidi nikatae deni, hata kwa mwalimu wa jirani aliyelipwa mshahara ule ule, na akaacha kunisalimia. Wenye dola na nyumba za kupangisha hawakuumia hivyo.

Na dawa nayo ilikuwa chungu. Micah Cheserem aliteuliwa gavana Julai 1993, akafunga baadhi ya benki hizo, na Serikali ikazivuta pesa zile kwa kuuza hati za Hazina, yaani Serikali kukopa kwa muda mfupi, riba yake ikipita asilimia 70 mwaka huo. Mwenye akiba alitajirika akiwa amelala. Mwenye kukopa aliumia. Mwaka 1995 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 2. Sisi wenye maduka hatukuulizwa lolote, si wakati wa kumwaga wala wakati wa kuzoa.

Kwa hiyo Katiba ya 2010, kifungu cha 231, iliposema Benki Kuu haitaamriwa na mtu wala mamlaka yoyote katika kazi yake, mimi niliipigia kura nikiwa na daftari lile kichwani. Hapo ndipo kura yako ilipo pia. Waziri wa Fedha ndiye anayeweka lengo la mfumuko wa bei, sasa ni asilimia 5, juu au chini kwa 2.5, kamati ya gavana huchagua njia ya kufika. Gavana huteuliwa na rais, Bunge likamhoji na kumkubali, na muda wake una mwisho. Mwanasiasa anatuambia twende wapi, ila usukani hashiki msimu wa kampeni.

Usidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Rais Richard Nixon alimsukuma Arthur Burns, mkuu wa benki kuu ya Marekani, alegeze riba kabla ya uchaguzi wa 1972, na kanda za Ikulu yake zimehifadhi mazungumzo yao. Miaka michache baadaye Paul Volcker, aliyeongoza benki hiyo hiyo, alipandisha riba hadi kama asilimia 20 ili kuuzima mfumuko wa bei, na mwaka 1982 ukosefu wa kazi ukapita asilimia 10. Waliofukuzwa kazi hawakuwa waliokula faida ya 1972. Ndiyo maana sikubali watu wa benki wanaposema uhuru wao ni jambo la kitaalamu tu. Riba huchagua nani aumie, na anayechagua hilo lazima aje mbele ya wabunge aeleze kwa lugha ninayoielewa.

Lakini wabunge kupanga riba wenyewe? Tulijaribu 2016. Walizifungia benki zisitoze zaidi ya pointi 4 za asilimia juu ya riba ya Benki Kuu, tukashangilia, nikiwamo. Benki zikaona heri kuikopesha Serikali kuliko muuza samaki. Sheria ile ilifutwa Novemba 2019.

Sasa mkopo wako. Mwezi Februari 2024 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 13, kisha kuanzia Agosti ikaanza kushuka. Yako imeshuka? Wakati wa kupanda benki huwa na mbio. Wakati wa kushuka mpaka wakumbushwe. Nipigie picha ule ukurasa wa mkataba unaoeleza riba inayobadilika, unitumie kabla hujaenda kuzungumza na meneja.

Mamako