Kwenu wapi?

SWALI: Baba ni askari polisi. Nimezaliwa Tabora, nimesoma Mtwara, Singida na Dodoma. Asili yetu Songea, nimefika mara mbili tu. Nikiulizwa "kwenu wapi?" nababaika.

JIBU: Pole, mwanetu. Mzee akiuliza hivyo anatafuta ukoo wako: mjibu "asili yetu Songea", hata kama Kingoni hukijui. Rika lako linauliza ulipokulia. Taja mji mmoja, ule ulikokaa zaidi. Kwenye fomu, mahali pa kuzaliwa ni Tabora, kama cheti cha kuzaliwa kinavyosema. Ukiandika Songea kwa mapenzi tu, taarifa za NIDA (kitambulisho cha taifa) na pasipoti zitapishana, nawe utazungushwa. Mwulize baba jina la kijiji na kata, uyaandike angali hai.