Igizo linachosha watazamaji, tufanyeje?

Mdogo wangu wa Mikindani, unasema watu huondoka kabla igizo lenu la wakulima wa korosho halijaisha. Taa na mavazi si tatizo. Mkulima wenu yuko sahihi tangu mwanzo mpaka mwisho, sasa nani abaki kumtazama?

Someni *Kinjeketile*, tamthilia ya Vita vya Maji Maji ya Ebrahim Hussein, mtu wa huku kwetu Lindi, iliyotoka 1969. Kinjeketile anawaunganisha watu kwa maji ya dawa yanayoaminiwa kuzuia risasi za Wajerumani, kisha yeye mwenyewe anaingiwa na shaka, na vita havizuiliki tena. Mwishoni anatakiwa akane kwamba maji yale yana nguvu, anakataa. Hapo hainuki mtu!

Mkulima wenu naye mbaneni: auze kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini, leo mtoto aende shule, au asubiri mnada wa ushirika? Hotuba ya mwenyekiti wa ushirika futeni yote, aliyeiandika atanisamehe.