Kabla hujanunua alteneta, nunua multimita

Gari la zamani likigoma kuwaka asubuhi, hukumu hutoka upesi: "Betri imekufa hiyo, bosi." Betri mpya inanunuliwa, siku chache zinapita, nayo inalala. Hapo inatoka hukumu ya pili: "Basi ni alteneta." Inatafutwa ya mtumba (alteneta ni ile mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme na kuchaji betri), inafungwa, fundi analipwa, na ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi bado inawaka. Mimi natembelea Corolla 110 yenye injini ya 5A, gari ambalo hapa Dar kila gereji inalijua, na nilichokiona ni kwamba kwenye magari ya umri huu ugonjwa wa chaji mara nyingi haupo ndani ya vitu hivyo viwili vya bei. Upo kwenye nati iliyolegea, waya ulioliwa na kutu, mkanda unaoteleza au fyuzi ya bei ya soda. Multimita ya kawaida, kile kifaa cha kupimia umeme, pale Kariakoo ni pesa ya lita chache za petroli. Inunue kwanza, halafu ndipo umsikilize fundi.

Anza na betri yenyewe, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuguswa. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20, gusa vichwa vya betri. Ikisoma 12.6 au zaidi kidogo, imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ikisoma karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya sita kimekufa (kila chumba hutoa volti 2.1 hivi) na hapo hakuna cha kuchaji wala kubusti (kuwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine), hiyo ni ya kubadilisha. Kisha mwambie mtu apige stata huku unatazama namba. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, imechoka. Joto la pwani linazila betri haraka, kwa hiyo usishangae kama ya kwako haikuishi muda aliokuahidi muuzaji. Zile zenye vifuniko, zifungue uangalie maji, na uongeze maji safi ya betri (distilled) tu, kamwe si ya bomba.

Betri iliyolala kabisa ipeleke kwa mtu wa kuchaji, ichajiwe polepole. Kubusti halafu kuzunguka mjini ukitumaini alteneta itaijaza ni kuitesa. Alteneta kazi yake ni kurudisha kile kilichotumika kwenye stata na kulisha taa, redio na AC. Ukiilazimisha kufufua betri iliyokufa inatoa umeme wake wote kwa muda mrefu na kuchemka.

Sasa washa gari. Kwenye vichwa vilevile vya betri unatakiwa usome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Washa taa kubwa, feni ya AC na kile kipasha joto cha kioo cha nyuma, kanyaga mafuta kidogo mpaka mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Namba ikishikilia juu ya 13.5, mfumo wako uko salama na tatizo ulitafute kwingine. Ikibaki 12 na kitu huku inazidi kushuka, hakuna chaji inayofika. Na ikipanda kupita 15, regyuleta inayodhibiti volti za alteneta, ambayo mafundi wetu wanaiita IC, imeachia. Utaijua pia kwa harufu ya mayai viza kutoka kwenye betri na kwa globu zinazoungua kila mara. Hili la mwisho usiliache hata siku moja, linaua betri na linaweza kuua kompyuta ya gari.

Hapa niseme jambo linalonikera. Fundi akija na spana namba 10, gari linanguruma, akataka kuchomoa kibano cha betri "tuone kama alteneta inabeba", mzuie. Kipimo hicho kilikuwa na maana zama za dainamo, jenereta za magari ya kale. Kwenye gari la injeksheni, betri ndiyo inayotuliza umeme wa mfumo mzima. Ukiichomoa ghafla alteneta ikiwa inachaji, volti zinaruka juu sana kwa kufumba na kufumbua, na zinaweza kuondoka na IC, dayodi za alteneta (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) au kompyuta. Kibaya zaidi, kipimo chenyewe hakikwambii kitu. Gari linaweza kuendelea kunguruma na alteneta dhaifu, na linaweza kuzima na alteneta nzima. Multimita inakupa jibu bora kwa sekunde tano.

Kama chaji haifiki, usikimbilie kufungua alteneta. Mkanda kwanza, kwa sababu ni bure kuuangalia. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ukizama sana, umelegea. Ukiwa unang'aa upande wa ndani, unateleza hata kama umekazwa. Mlio wa kulia pale unapowasha gari au unapofungua taa ndiyo lugha yake. Tazama pia kama oili ya injini au ya stelingi inadondokea huko chini, maana mkanda wenye mafuta hauponi kwa kukazwa.

Halafu nyaya. Hapa ndipo magari ya zamani yanapotuumiza, na hapa ndipo mafundi wengi hawapimi. Injini ikinguruma na taa zote zikiwa zimewashwa, weka ncha moja ya multimita kwenye ule mguu mkubwa nyuma ya alteneta, ulioandikwa B, na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Angalia mikono na nyaya zako zisikaribie mkanda wala feni. Unapima volti zinazopotea njiani, si volti za betri, kwa hiyo namba inatakiwa iwe ndogo: 0.2 au 0.3 hivi. Ukisoma volti moja au zaidi, alteneta inafanya kazi lakini umeme unabanwa njiani, kama maji kwenye mpira uliokanyagwa. Rudia upande wa ethi, yaani upande wa hasi: ncha moja kwenye bodi ya alteneta, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Hapo hata 0.2 inatosha kukutia shaka.

Jirani yangu mwenye Noah aliambiwa alteneta imekufa na bei akatajiwa. Tulipopima, nyuma ya alteneta kulikuwa na 14.4 wakati betri inasoma 13 tu. Nati ya mguu wa B ilikuwa imelegea, na joto limeshaanza kuunguza plastiki pembeni yake. Ilisafishwa, ikakazwa, basi. Kwa wengine utakuta ule unga mweupe au wa kijani kwenye vibano vya betri. Fungua, mwagia maji ya moto, piga msasa mpaka madini yang'ae, kaza, paka grisi kwa juu. Unapofungua anza na hasi, unapofunga hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Na usisahau ule waya wa ethi kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Magari yaliyowahi kushushwa injini mara nyingi waya huu ulirudishwa kwa bolti moja yenye kutu, au haukurudishwa kabisa.

Kuna pia fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT kwenye boksi chini ya boneti. Mara nyingi huungua pale mtu anapobusti akageuza chanya na hasi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90 alteneta ina plagi ya pini tatu: IG, S na L. IG inaleta umeme wa kuiamsha IC pale unapofungua swichi, S inaipa IC habari ya volti za betri, L inaendesha taa ya dashibodi. Chomoa plagi, fungua swichi bila kuwasha injini, pima IG. Isipokuwa na volti 12 hivi, kuna fyuzi au waya umekatika na alteneta yako haina kosa lolote.

Taa ya betri nayo isome vizuri. Swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, lazima iwake. Isipowaka, mara nyingi globu imeungua au mtu aliing'oa kabla ya kukuuzia gari, na wapo. Kwenye baadhi ya magari ya zamani, kama Land Rover za zamani, si suala la taa tu, kwa sababu umeme unaopita kwenye globu hiyo ndio unaoiamsha alteneta. Globu imeungua, chaji hakuna.

Vyote hivyo vikiwa sawa, sasa ndiyo zamu ya alteneta. Fungua swichi bila kuwasha, sogeza bisibisi karibu na nati ya puli. Ikivutwa na sumaku, rota, ile sehemu inayozunguka ndani, inapata umeme. Isipovutwa na IG ina umeme, shaka ya kwanza ni kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota. Igonge alteneta taratibu kwa mpini wa spana injini ikinguruma. Chaji ikirudi ghafla, kaboni zimeisha. Za Denso zikiwa mpya hutokeza milimita 10.5, zikifika 1.5 ni za kubadilisha, na kwa fundi umeme makini hiyo ni kazi ndogo. Gari lililopita kwenye maji ya bonde la Jangwani wakati wa masika mara nyingi hufikia hapo mapema, maana tope linasaga kaboni na kuua beringi.

Dayodi mbovu ina tabia nyingine: chaji ipo lakini haifiki kiwango, redio inalia mlio unaopanda na mafuta, na wakati mwingine betri inalala usiku kwa sababu umeme unavuja kurudi nyuma. Shika alteneta asubuhi kabla hujawasha. Ikiwa na uvuguvugu, umempata mwizi.

Kama betri inalala lakini chaji iko sawa, kuna kitu kinakunywa usiku. Zima kila kitu, fungua kibano hasi, weka multimita kwenye tundu la 10A kati ya kibano na kichwa cha betri, na usijaribu kabisa kupiga stata ikiwa hivyo. Gari la zamani halipaswi kuvuta zaidi ya miliampia 50, yaani 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Uanzie wapi? Alamu, redio ya kufunga baadaye, kifaa cha kufuatilia gari, taa ya buti.

Ikibidi kununua alteneta ya mtumba, nenda na ya kwako mkononi. Linganisha plagi, matundu ya bolti na puli, izungushe usikilize beringi, na mwombe muuzaji aipime mbele yako au akupe muda wa kurudisha.

Na alteneta ikikufia njiani mchana, usizime injini. Zima AC, redio, feni na taa zisizo za lazima, na elekea gereji au nyumbani moja kwa moja. Betri ya N50 (ya ampia-saa 50 hivi) iliyojaa inaweza kulisha pampu ya mafuta, plagi na injeksheni kwa muda wa kutosha kutoka Mbezi hadi Ilala hata kwenye foleni. Usiku ni habari nyingine, taa kubwa mbili peke yake hula karibu ampia 10, na mimi kwa hali hiyo naegesha palipo na watu na kuita mtu.